Pikapu Aliyoirudisha Babu Yako

Mabamba, Novemba 2014

Mjukuu wangu, mume wangu Ezekia,

Hapa nyumbani hatujambo. Mvua imekuja vizuri na mama yako ameshapanda maharage.

Umeniuliza kama ukilirudisha gari la mkopo kwa hiari yako, deni litaisha. Babu yako naye aliamini hivyo. Kwetu Waha, ukipewa ng'ombe wa kutunza akakushinda, unamrudisha kwa mwenyewe na mnaagana vizuri. Basi pikapu ya mkopo ilipomshinda, aliiosha ikang'aa, akampelekea ufunguo tajiri wa Kasulu aliyemkopesha, akarudi juu ya lori la mihogo.

"Tumemalizana," akaniambia.

Kumbe bado. Pikapu iliuzwa mnadani kwa bei ya chini, na salio la deni likabaki letu. Hakimu alimsomea mkataba aliousaini mwenyewe, na humo ndivyo ilivyoandikwa. Tulivyolipa, tuyaache.

Kwa hiyo usome mkataba wako kwanza, na usitoe ufunguo kabla hawajakuandikia kwamba deni limekwisha. Wakikataa, waombe ruhusa utafute mnunuzi mwenyewe.

Ila mimi pesa ile siikumbuki sana. Namkumbuka babu yako akipanda mlima wetu, akipiga honi mara mbili ili nibandike maji ya ugali. Hadi leo nikisikia pikapu mlimani, najikuta nimeshika sufuria.

Wakishakuandikia, gari waachie wao, wewe njoo na basi. Maji nitabandika hata bila honi.

Bibi yako