Kiti cha Chiriku, Mstari wa Mbele

KAMATI YA WAZAZI, DARASA LA AWALI
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA NNE

Siku: Jumamosi, saa 8:00 mchana
Mahali: Darasani (ofisini rangi haijakauka)
Waliohudhuria: Mwenyekiti (mwenye duka la vifaa vya ujenzi), Makamu (muuguzi mstaafu), Mwalimu wa darasa, Fundi seremala, Baba Pacha, Katibu (mshona nguo)
Mwalikwa: Mama yake Chiriku
Asiyehudhuria: Mweka hazina, bila udhuru, mara ya tatu sasa

KUMB. NA. 4/1: KUFUNGUA KIKAO
Kikao kilifunguliwa saa 8:25 kwa kumsubiri Mwenyekiti. Wajumbe walikaa kwenye mabenchi ya watoto, magoti yakikaribia videvu. Mwenyekiti alisema goti lake haliwezi mambo hayo. Mwalimu alimletea kutoka ofisini kiti kikubwa chenye mikono, pamoja na mto. Hakuna aliyepinga.

KUMB. NA. 4/2: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZILIZOPITA
Mwenyekiti alitaka "alifoka" isomeke "alisisitiza". Wajumbe walikumbuka vizuri. Imebaki "alifoka".

KUMB. NA. 4/3: MTOTO CHIRIKU
Mwenyekiti alieleza kwamba darasani kuna mtoto wa miaka mitano, aitwaye Chiriku kwa kutonyamaza kwake, ambaye mgongo na miguu yake haina nguvu. Alipendekeza arudishwe nyumbani mpaka ipatikane shule ya "watoto wa aina yake". Makamu aliuliza shule hiyo iko wapi. Mwenyekiti alijibu kwamba iko mbali, ni ya bweni. Makamu aliuliza kama Mwenyekiti mwenyewe alilala bweni akiwa na miaka mitano.

Mwalimu alieleza kwamba Chiriku anajua nyimbo zote na anahesabu mpaka ishirini bila kukosea. Shida ni benchi: halina pa kuegemea, anaanguka upande, hivyo humfundisha akiwa amempakata. Fundi alionyesha kiti alichokitengeneza, kidogo, chenye mgongo mrefu, mikono na mkanda wa kitambaa. Ieleweke kwamba mkanda ulishonwa na Katibu, na haoni aibu.

Mwenyekiti alisema huo ni upendeleo. "Leo kiti, kesho atataka nini? Wote wakae benchi!" Aliongeza kwamba mtoto huyo ni mzigo, kisha akamwambia Katibu asiandike neno hilo. Katibu ameliandika.

Mama yake Chiriku aliomba nafasi, akaambiwa awe mfupi. Alisema: "Mzee wangu, pole na goti. Hicho ulichokalia ni nini?"

Makamu alisikika akisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mwenyekiti alitaka utaratibu ufuatwe.

Mama aliendelea: "Sikuja kuomba huruma. Mwanangu nimemleta mgongoni muhula mzima, na Jumatatu namleta tena. Anayetaka kumtoa atanikuta mlangoni, na mwili huu mnauona. Hausogezwi kirahisi."

Baba Pacha alikiri kwamba alikuja akiwa upande wa Mwenyekiti. Ila pacha wake kila asubuhi wanapigana nani akae na Chiriku, na yeye mtu mzima anakaa hapa kumfukuza. Alisema anajionea haya.

Kura zilipigwa. Abaki: watano. Aondoke: mmoja.

AZIMIO: Chiriku anabaki. Fundi aweke mteremko wa mbao mlangoni kabla ya Jumatatu, maana ngazi ile ni ndefu.

Mwenyekiti alisema hatambui kura hiyo, akaondoka akichechemea. Penye ngazi Fundi alimpa mkono. Aliupokea.

KUMB. NA. 4/4: KUFUNGA KIKAO
Makamu alifunga kikao saa 10:10. Kiti kikubwa kilirudishwa ofisini. Kidogo kimebaki darasani, mstari wa mbele.

Katibu: (saini)
Makamu, kwa niaba: (saini)
Mwenyekiti: nafasi yake imeachwa wazi. Akirudi, kiti atapewa.