Spika Mpya ya Lusungu

Makambako, Jumatano

Na nilimwambia asiguse kitu. Lusungu, mpiga dramu wetu wa tano, ana wiki mbili tu kwenye bendi, na leo ameua sauti tuliyoihangaikia miaka.

Spika yetu ilipasuka zamani tukipiga Ludewa, ikaanza kunguruma kama mashine ya kusaga. Muziki wetu ndio huo, makelele. Yeye katoka kwaya ya usharika, akadhani tunateseka. Kaibeba mwenyewe hadi kwa fundi, ikafungwa mpya. Ile ya zamani fundi ameshaing'oa sumaku.

"Kaka, sasa inatoa sauti safi," ananiambia, anatabasamu kabisa.

Jumamosi tunapiga Njombe. Na sauti safi.

Nilitaka kumfukuza. Lakini wale wanne waliotangulia, mmoja yuko Kichiwa analima viazi, wengine hata sijui, hakuna aliyewahi kuifuta vumbi ile spika. Sasa huyu nimfukuzeje?

Nikampa wembe aichane mwenyewe hiyo mpya, ingurume kama ile ya zamani. Akaushika kama mtu aliyeambiwa amchinje jogoo wa mama yake. Akachana kidogo, akaniangalia.

"Inatosha, kaka?"

Nikamwambia aendelee.