Leso Yako Bado Inaenda Uwanjani

Wairimu wangu,

Niaje huko? Najua utasema mtu haandikiwi barua akiwa kaburini. Lakini mimi niliacha shule darasa la sita na bado nikafika Kampala na Arusha, kwa hivyo hakuna wa kunifundisha barua inaenda wapi. Hapa mtaani Satellite anayeijua dunia ni mimi tu. Cheka, nimekuruhusu.

Tulikuzika kwenu Kinoo, kando ya migomba ya mama yako. Mwenyekiti wa akina mama wa kanisa akasoma historia yako: ulipenda kuimba, ulipenda kupika, ulipenda wageni. Nikangoja. Mpira hakuutaja, Wairimu! Jumamosi unapiga kelele jukwaani mpaka sauti inakauka, Jumapili unaimba kwaya kama chura, halafu wanasema ulipenda kuimba. Mimi nilivaa skafu ya timu yetu ndani ya sweta. Nilijua ungeitafuta.

Si ni hao hao waliokuita kikaoni? Eti mwanamke wa heshima haketi katikati ya wanaume wanaotukana refa. Ukawajibu, "Basi njooni tukae wengi, matusi yapungue." Wakakuamuru uvue kitambaa cha kanisa. Mimi ningewararua. Wewe ulikikunja vizuri, ukawapa, tukaenda mechi.

Sasa Baba Kevo ananiambia, "Mwenzako amelala. Tulia nyumbani." Nimemwambia sitatulizwa na mume anayeogopa kuku. Lakini hajui kinachonishinda. Matusi nayaweza. Wale wa getini wanaotupapasa wakisema wanakagua, kiwiko changu wanakijua. Kinachonishinda ni choo.

Uwanja mzima, vyoo ni vya wanaume. Aliyeujenga hakuota kama sisi tutakuja. Ndiyo maana ulibeba leso, ile kanga yako pana. Pale nyuma ya jukwaa, kwenye ukuta, unaitandaza kwa mikono miwili, mimi nachuchumaa, na wewe umewageukia wapita njia: "Angalia mpira, baba! Mechi iko upande ule!" Kisha nami nakushikia. Nilidhani kilichoniingiza uwanjani ni tiketi. Kumbe ni mikono yako.

Mechi ya kwanza bila wewe sikunywa kitu tangu asubuhi. Chai niliiangalia tu. Nilipofika getini mkono ukataka kukuflashia simu. Tulipofunga goli nikageuka kukukumbatia, nikamkumbatia mzee mmoja na redio yake, akashtuka kama amekamatwa na askari. Watu wakacheka, nikawaongezea vichekesho, wakacheka tena, kisha kila mtu akarudi kwa mwenzake. Na mimi... midomo imekauka, mdomo wangu huu mkubwa hauna wa kumwambia neno. Nikaondoka kabla ya kipenga cha mwisho. Mimi na wewe, lini tuliwahi kuondoka kabla ya kipenga? Nikasema sirudi.

Halafu mama yako akanitumia ujumbe nipite Kinoo. Alikuwa anagawa nguo zako. Akaishika leso, akauliza, "Hii ilikuwa ya nini?" Nikamwambia, ya uwanjani, Mama. Nikamweleza yote, mpaka ukuta. Kisha akaikunja, akaniwekea mapajani. "Basi irudi kazini."

Jumamosi nikaenda nayo begani. Wakati wa mapumziko nikamwona mrembo wa kule Kilimani kwa wenye pesa, kucha nyekundu, viatu vya ofisini, amesimama karibu na ukuta wetu akitazama huku na huku. Uso ule wa kubanwa naujua. Sikumuuliza. Nikakunjua leso, nikawageukia wanaume, nikafungua mdomo, ikatoka sauti yako: "Angalia mpira, baba!" Na mpira wenyewe uko mapumziko! Wakaangua kicheko, lakini wakageuka.

Akanishukuru, akakimbia kwa kaka zake aliokuja nao. Hakufikiria kwamba mimi pia nimebanwa. Nikabaki nimesimama, leso mikononi, nikingoja zamu yangu kama mjinga. Hapo ndipo nilipokulilia, Wairimu. Msibani nilikuwa napika.

Lakini nilirudi jukwaani, mapaja nimeyabana, nikakaa mpaka kipenga.

Lala, mama. Nakuahidi hii leso haitakaa sandukuni. Yeyote nitakayemwona kwenye ule ukuta, nitamshikia, hata kama anashangilia timu ile nyingine. Na asubuhi za mechi nitaendelea kuiangalia chai tu bila kuinywa, mpaka apatikane wa kunishikia mimi.

Wako wa jukwaani,
Nekesa