Farasi wa Juzuu ya Tano

Lewisburg, Pennsylvania
9 Januari 1997

Baba mpendwa,

Natumai goti limetulia na theluji ya Kalamazoo haikuzuii kwenda kununua mkate wako mweusi. Sisi wazima, ila Teodor kang'oka jino la mbele, na akitaja umri wake, "sita", anatulowesha wote.

Vitabu vilifika, vyote kumi na kimoja, umevifunga kama mayai. Akina Hask wa vitabuni na mashua yao ya mferejini wamehamia kwetu. Kila siku tukishamaliza hesabu na supu, tunajibwaga kwenye kochi watatu sisi, nami nasoma. Nikikosa siku moja nanuniwa. Carl akirudi kazini, hata viatu hajavua, anapokewa na habari kwamba mashua imekwama.

Lakini Baba! Jana, juzuu ya tano, ukurasa wa 143, Prudence akafa. Farasi anayevuta mashua! Ulinisomea vitabu hivi nikiwa mdogo, na kichwani mwangu Prudence alifika mpaka juzuu ya mwisho. Macho yalitangulia mdomo, nikaliona lile neno, nikamtazama Lauma amekumbatia mto. Nikasoma: "Asubuhi yake Prudence akasimama, akataka shayiri." Sasa nifanyeje?

Sababu ya woga wangu unaijua. Lauma ana miaka kumi na bado hasomi peke yake. Herufi anazijua, ila akipewa ukurasa anafunga mdomo. Carl anasema nimesomesha watoto nyumbani vya kutosha: mkaguzi akikataa kutia sahihi mwaka huu, Septemba Lauma anakwenda shule. Kinachomsogeza karibu na kitabu ni akina Hask tu. Sitaki kumwua farasi nikampoteza na msomaji.

Bintiyo,
Ilze


Kalamazoo, Michigan
17 Januari 1997

Mwanangu Ilze,

Goti linatabiri hali ya hewa vizuri kuliko redio, ndiyo kazi pekee lililobaki nayo. Wabusu watoto. Mwambie Teodor ajifunze kutaja umri wa nane, hauna mate.

Ukurasa si wa 143, ni wa 142. Nilipanga herufi kwenye kiwanda cha kupiga chapa miaka thelathini na mmoja; niachie walau hili la kusahihisha.

Ndiyo, nilikudanganya. Prudence niliyekusomea hayumo kwenye karatasi. Tulipomaliza nikaviweka vitabu juu ya kabati usije ukavifikia. Endelea vivyo hivyo. Ila jihadhari: kuanzia juzuu ya sita mashua inavutwa na nyumbu, mtoto wa punda na farasi, na mchoraji hakuyaonea haya masikio yake. Anaitwa Gus. Kila ukimwona, soma "Prudence". Picha ya ukurasa wa 31 nilikuwa naifunika kwa kidole gumba. Miaka minne hukugundua.

Lauma usimsukume. Niliingia nchi hii nina miaka kumi na minne, sina neno la Kiingereza, wakanikalisha na watoto wa miaka saba. Najua mdomo unavyofungwa.

Babayo,
Visvaldis


Lewisburg
3 Machi 1997

Baba mpendwa,

Salamu kutoka kwenye matope. Theluji imeyeyuka yote. U hali gani? Carl anakusalimu, na anauliza kama bado unakaanga samaki madirisha yakiwa yamefungwa.

Kidole changu ni kidogo kuliko chako.

"Mama, Prudence ana masikio ya sungura!" Teodor alipiga kelele.

"Amekua," nikasema.

"Farasi mzima haoti masikio," akasema Lauma. "Na mkia? Umekuwa kama ufagio."

"Alikuwa mgonjwa, unakumbuka? Ule ugonjwa humbadilisha mtu."

"Ugonjwa gani?"

"Wa masikio."

Teodor akajishika yake, akaenda kujitazama kwenye kioo. Lauma hakucheka. Alinitazama mimi, akautazama ukurasa, akanitazama tena. "Soma tena, polepole," akasema, na akaweka kidole chini ya mstari. Hajawahi kufanya hivyo maishani mwake, Baba. Nami nikafunua ukurasa haraka.

Bintiyo,
Ilze


Lewisburg
29 Mei 1997

Baba,

Nisamehe kimya, na nisamehe kutouliza goti.

Jana tulimpelekea mkaguzi jalada la kazi za Lauma na daftari la vitabu. Bi Hostetter ni mwalimu mstaafu, mtu wa heri. Alimwambia Lauma asimulie kitabu akipendacho. Akasimulia nusu saa, mikono hewani, mpaka Carl mwenyewe akasogeza kiti. "Basi Prudence akapona," akamalizia, "akataka shayiri."

Bi Hostetter akavua miwani. "Mwanangu, Prudence alikufa. Nilikuwa na miaka tisa, nikalia wiki nzima."

"Hapana. Mama ndiye aliyenisomea."

Wote wawili wakanigeukia.

"Bi Ilze," akasema yule mama, na sauti yake haikuwa na ukali, "daftari linasema mmesoma juzuu nane. Mtoto hasomi, na alichosomewa sicho kilichoandikwa. Nitie sahihi juu ya nini?" Ametupa hadi tarehe 27 Juni.

Garini Carl akawasha injini, tukaondoka. Nyuma, Lauma akauliza, "Yule mwenye masikio ni nani?"

"Anaitwa Gus."

"Kumbe alikuwa na jina lake!" Akaangua kilio. Alimlilia Gus njia nzima, Baba. Prudence hata hakumtaja.

Bintiyo


Kalamazoo
4 Juni 1997

Mwanangu Ilze,

Mimi mzima. Kosa ni langu, na nilikupa ushauri mbaya kwa furaha ya kupata mwenzangu.

Oktoba 1944 nilikuwa na miaka minane. Tulikuwa tunakimbia vita, tukafika bandari ya kwetu ya Liepāja kwa mkokoteni, na meli haikupakia farasi. Baba yangu alimfungua wetu, akanipa kamba nishike, kisha akasema, "Iachie." Nikauliza nani atamtunza. Akasema yupo mkulima mmoja mwema. Gatini palikuwa na farasi mamia wasio na watu, na mkulima hata mmoja sikumwona. Nilijua. Nilimshukuru, na hasira yangu juu yake haijaisha hadi leo. Halafu nikafika ukurasa ule nawe umekaa mapajani pangu, nikawa mimi yule mkulima mwema.

Mpe Lauma juzuu ya tano. Usikae naye, wala usimtajie ukurasa. Barua hii msomee kama ilivyo, neno kwa neno.

Babayo,
Visvaldis


Lewisburg
28 Juni 1997

Baba mpendwa,

Salamu nyingi, na goti nalisalimu peke yake safari hii.

Barua yako nilimsomea neno kwa neno. Akaidai, aihakikishe mwenyewe. Kisha akachukua juzuu ya tano, akaingia chumba cha kufulia, akafunga mlango, akapanda juu ya mashine. Siku sita. Alitoka kula, na mara tatu kuuliza neno. Siku ya sita alitoka macho yamevimba.

"Alikufa vizuri," akasema. "Walikaa naye wote mpaka mwisho. Wewe ulimnyang'anya hata hilo."

Nilimwomba radhi. Akasema atafikiria.

Jana alimsomea Bi Hostetter ukurasa ule. Dakika kumi na moja, Baba, kwa ukurasa mmoja. Alijikwaa, akarudi, akajikwaa tena. Carl alitoka kwenda kukagua matairi, akakaa huko muda mrefu. Bi Hostetter ametia sahihi. Lauma anabaki nyumbani.

Leo nilipokaa kwenye kochi, kitabu kilishachukuliwa. Juzuu ya tisa, na msomaji ni yeye.

"Mama anasoma haraka zaidi," Teodor akalalamika.

"Mama anasoma uongo haraka zaidi. Tulia."

Akaendelea. Chini ya ukurasa akanyamaza, na nikayaona macho yake yametangulia mdomo. Niliuma ulimi nisiseme kitu.

"Teo," akasema, "kuna jambo baya hapa. Nisome?"

Teodor akafikiri. "Soma. Lakini nishike mkono."

Lauma alihitaji mikono yote miwili kwa kitabu, basi mkono wa Teo nikaushika mimi. Akasoma.

Bintiyo,
Ilze