Fundi Mmoja kwa Kila Lifti

4 Februari

Kwa Baba,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na ile dawa ya kuchua unaitumia au imekaa tu dirishani? Sisi hatujambo. Mkwe wako anakusalimu, na mjukuu wako ameota jino jingine, anatung'ata sote bila ubaguzi.

Baba, utasikia tu kwa watu, kwa hiyo bora usikie kwangu. Kampuni imepunguza wafanyakazi. Jumatatu asubuhi tulikuwa stoo tunagawana vifaa, simu ya mezani ikaanza kulia. Anaitwa mtu, anapanda ghorofani, harudi. Kumbe walikuwa wanatolewa kwa mlango wa nyuma ili tusionane. Kila ilipolia tulitazama viatu vyetu. Fundi mwenzetu Kidevu aliitwa akiwa na kikombe cha chai mkononi, akaniambia nimwekee, anarudi sasa hivi. Chai ikapoa. Wewe ndiye uliyemfundisha kazi, na yeye ndiye aliyenifundisha mimi, kwa hiyo nadhani unajua nilivyojisikia.

Mimi nimebaki. Jioni bosi mpya alitukusanya tuliobaki akatuambia tuna bahati. 

Wako,
Mwanao

17 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lilelile, linatabiri mvua kuliko redio. Mama yako hajambo, anamwulizia mjukuu wake kila saa kana kwamba mimi namficha.

Habari ya Kidevu imenisikitisha. Ana mdomo mrefu yule, lakini kwa ufundi hana mpinzani. Hata hivyo wewe kaza buti. Kampuni ile ilinipokea sina hata viatu vya kazi. Nyumba hii ninayokuandikia imetoka pale, na shule yako imetoka pale. Mwajiri naye hupitia kipindi kigumu kama familia yoyote. Ulipomaliza masomo, mimi ndiye niliyekupeleka mpaka mlangoni nikamwambia mkubwa wa wakati ule, huyu ni wangu, mkimwona mvivu niambieni mimi. Hajawahi kuniambia neno.

Usikae na wanung'unikaji, watakuambukiza roho yao.

Baba yako

29 Machi

Kwa Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Nikifika nyumbani nakuwa hoi, mkwe wako ndiye anayenivua viatu nikiwa nimeshalala. Natumaini nyinyi ni wazima.

Sasa ni fundi mmoja kwa kila lifti. Ndiyo, umesoma vizuri. Unaikumbuka desturi uliyotuachia, mmoja anapanda juu ya lifti, mwingine anakaa chumba cha mashine, na wa mashine hagusi umeme mpaka aite "Salama?" na wa juu aitikie "Salama." Siku hizi napanda mwenyewe, nashuka mwenyewe, nawasha mwenyewe. Lakini bado naita, mazoea ni mabaya. Naita, halafu nasimama nasubiri kama mjinga.

Na hilo si kubwa kuliko yote. Zamani mtu akipita akaona nati imelegea kwenye lifti isiyo yake, aliikaza na kwenda zake. Sasa anaitazama na kupita. Mafundi wanafichana ujuzi, maana kila mmoja anadhani akijua kitu peke yake hatafukuzwa. Dada wa mapokezi alikuwa anatutania tukiingia, siku hizi anatusalimu kama wageni. Bosi alituletea keki ili tuchangamke, ikakaa mezani mpaka ikawa ngumu, hakuna aliyetaka kuonekana wa kwanza kukata. Tunafanya kazi, Baba, wala hatugomi. Tumechoka tu kuipenda.

Kidevu amefungua karakana ndogo ya pampu na jenereta. Anahitaji mtu wa pili na ananitaka mimi. Nataka kwenda. Lakini nafasi hii uliniombea wewe, kwa jina lako, kwa hiyo siondoki bila ruhusa yako. Ukisema hapana nitabaki, na sitakuuliza tena.

Mwanao

11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na poleni na uchovu. Sisi tupo.

Nasema hapana. Kila anayefanya kazi anachoka, hata mimi nilichoka, na sikumwandikia babu yako barua. Huo ufundi wa peke yako utakuwa wa muda tu, siamini kwamba watu niliowaacha pale wanaweza kuuacha uendelee. Zungumza nao kwa adabu.

Tena nina habari ya kukufurahisha. Bosi wenu mpya amenipigia simu yeye mwenyewe. Anataka nije nizungumze nanyi mliobaki, niwainue moyo, niwaeleze uaminifu kazini ni kitu gani. Mama yako ameshaipiga pasi suti, na nimeanza kujisemesha mbele ya kioo mpaka ananicheka. Siku hiyo kaa mstari wa mbele nikuone.

Baba yako

3 Mei

Kwa Baba,

Shikamoo. Ulifika salama? Uliondoka bila kuaga, na mkwe wako alikuwa ameshapakua chakula chako.

Leo mlinzi wa jengo la benki, ninakohudumia lifti, ameniambia jambo. Asubuhi ile ya hotuba yako, kabla ya kuja ukumbini, ulipanda ghorofa ya juu ukasimama kando ya mlango wa lifti na suti yako, ukanisikiliza nikiita. Anasema ulimwuliza mwenzangu yuko wapi, akakujibu kwamba sina. Mimi sikujua kama ulikuwepo.

Kule ukumbini bosi alikusifu mpaka nikaona haya. Ukasimama, ukanyamaza, watu wakaanza kukohoa. Nilidhani umesahau hotuba. Kisha ukauliza, "Ni nani humu angependa mwanawe aje aajiriwe hapa? Anyooshe mkono."

Baba, nilikuwa mstari wa mbele kama ulivyoniambia. Nilitaka kuunyoosha kwa ajili yako. Nikamfikiria mtoto, mkono ukakataa. Nikageuka, nyuma nako hakuna mkono hata mmoja. Hata bosi alikuwa anatazama kalamu yake.

Ukasema, "Mimi niliunyoosha, siku nilipomleta wangu." Ukaenda kukaa.

Sijui kama umenikasirikia. Naogopa kupiga simu. Niandikie, hata kama ni kunigombeza.

Mwanao

8 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nilifika salama. Mwombe radhi mkwe wangu, sikutaka kutokwa na machozi mbele ya chakula chake.

Sikukukasirikia. Niliuona mkono wako umelala gotini, nikashukuru. Ungeunyoosha kwa kuniogopa mimi, ningelala vibaya zaidi. Niliowatumikia mimi walikuwa wanatujua, na sisi tulikuwa tunawajua. Nilidhani wapo bado. Nimekulazimisha miezi yote hii kuwatii watu walioondoka zamani, na wewe ukanitii. Nisamehe.

Kesho waandikie kwamba unaacha kazi. Usiwatukane, wala usieleze mengi. Warudishie vifaa vyao vikiwa safi, halafu nenda kwa Kidevu. Bosi akiuliza nani amekushauri, mtajie jina langu. Mimi ndiye niliyekuingiza mlango ule, na mimi ndiye ninayekutoa.

Baba yako