Favonia Hakusimama

Papa,

Nianze na la aibu kabla sijakimbia. Siku ya kukuzika nilikuwepo. Baba mdogo alituita watoto wako mmoja mmoja tutupe udongo, akisoma majina uliyotupatia wewe. "Favonia iko wapi? Akuje atupe udongo ya papa yake." Aliita mara tatu. Nilikaa katikati ya wamama ninaosali nao kwenye chumba cha maombi, macho chini, kana kwamba simjui huyo anayeitwa. Wadogo zangu wakatupa wao, kaburi likafunikwa.

Unakumbuka uliponifuata kwenye maombi kule Murara? Mama kiongozi alikuwa ameniambia, "Iyi jina ni ya mungu wa wapagani, ndiyo inakufungia ndoa." Nikalikana mbele ya wote, nikaitwa Grâce. Wewe, mwalimu wa Kilatini tangu ujana wako, ukasimama ukawaeleza kama darasani: Favonius ni upepo wa magharibi. Warumi walimfanya mungu kwa sababu akivuma, baridi huisha na mbegu huota. Wengine hulitoa jina lake kwenye favere, kupendelea. Wengine kwenye fovere, kutia joto, kama kuku anavyoatamia mayai. "Wenye kusoma bangali wanabishana," ulisema. "Miye nilimupa iyi jina juu siku alizaliwa, upepo ilifukuza moshi ya volkano kwetu Munigi."

Watu walicheka. Nami nilicheka, Papa. Ukachukua kofia yako, ukarudi kwa miguu.

Ndoa yenyewe haijaja, na jina nililitupa. Wanafunzi wako wanakuja nyumbani Majengo kumsalimia Mama. Wakiniona wanauliza, "Ni weye Favonia? Muzee alikuwa anatufundisha pepo za Waroma kwa jina yako." Kila mwaka, Papa, hata baada ya siku ile! Nakosa pa kuweka uso.

Jana nilichota konzi ya udongo wa Munigi, nikaja kwako. Nikakuta kaburi limeshapigwa saruji. Nimeuweka juu yake hivyohivyo. Mvua ikiuondoa, nitaleta mwingine.

Jumapili nitasimama palepale Murara nilipokukana, niwaambie naitwa nani na nani aliniita hivyo. Wakicheka, wacheke.

Pumzika, Papa yangu. Mara ya kwanza sikuitika, wala ya pili, wala ya tatu. Naitika sasa: niko.

Favonia