Kipimo Kilichosema Maji Ni Safi

Mwenzangu, leo nimeumbuka. Hata sijui nianzie wapi.

Tulikuwa na wageni hapa mtamboni, wale wakulima ambao maji ya chumvi yanayotoka mashambani mwao tunayachuja na kuwarudishia. Nikajitapa mbele yao, nikawaonyesha skrini ya kipimo cha chumvi: chumvi kama hakuna!

Mama mmoja akakinga glasi bombani, akaonja. Akanitazama. "Mwanangu, chumvi hii naijua. Ndiyo iliyoniulia vitunguu."

Mkuu wangu akacheka! "Mama, kipimo hakidanganyi. Labda ulimi umezeeka."

Na mimi nikacheka. Mimi!

Unajua alifanya nini? Akaniomba radhi. Eti, "Nisamehe mwanangu, ni uzee huu."

Walipotoka nikaenda kukagua. Mwenzangu, kipimo hakikuwa bombani! Kilikuwa kwenye kikombe cha maji safi nilimokisuuza asubuhi, kwa mikono yangu hii. Tangu asubuhi kinapima kikombe! Kumbe chujio limepasuka, na maji ya chumvi yameshakwenda mashambani kwao.

Nimefunga bomba. Mkuu kasema ninyamaze.

Yule mama bado yuko getini, anasubiri gari. Akaniomba radhi, mimi!

Natoka kumrudishia radhi yake.